Mwiko, Kokoto na Barabara ya Mabonde

Heshima kati ya mchora mistari na mama mkwe wake ilikuwa imezidi kipimo. Mama akisimama, mkwe naye wima. Mama akikohoa, mkwe keshakimbilia maji. Siku moja sukari ilisahaulika jikoni, mkwe akasifu chai kwamba ni tamu, mama akasema yake imekolea kabisa, na wote wawili wakainywa chungu mpaka tone la mwisho. Fundi miwani, aliyekuwa mke wa mmoja na binti wa mwingine, alizoea kukaa katikati yao kama mkalimani wa watu wanaozungumza lugha moja.

Mumewe alifanya kazi katika kampuni inayopaka mistari ya barabarani, ile myeupe ya pembeni na ile ya katikati inayokatika-katika. Mama yake alikuwa msahihishaji wa gazeti. Mama alistaafu, lakini kalamu yake nyekundu haikustaafu. Kila kibao cha duka alichopita alikikagua, na kuna kinyozi mmoja aliyeamua kufuta maandishi yote ukutani akabakiza picha ya mkasi, apate amani.

Fundi miwani mwenyewe alikuwa na kibanda cha vioo karibu na kituo cha mabasi. Wateja wakipungua alifungua kompyuta na kuingia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na yeyote mwenye hamu na bando. Huko alikuwa mkabidhi, yaani mmoja wa wachache waliopewa funguo za nyumba: kufuta uchafu, kuwafungia nje wakorofi, na kuamua pale makala mbili zinapogongana.

Ndiye aliyemfundisha mumewe kuandika humo. Mume akajiita Kokoto, akaandika makala juu ya barabara kuu anayoipaka rangi mwaka hadi mwaka: B7, toka mjini hadi mpakani. Aliandika upana wake, madaraja yake, mizani ya malori, na ule mchepuko mpya uliojengwa ili magari yasipande tena mlima kwa zile kona ambazo madereva waliziita Utumbo.

Haikuchukua muda, mtu anayejiita Mwiko akaandika makala nyingine, "Barabara ya Mabonde". Ukiisoma, ilianzia mjini ikaishia mpakani. Madaraja ni yale yale. Mizani ni ile ile. Tofauti ilikuwa pale mlimani: barabara ya Mwiko haikuujua mchepuko, ilipanda na kushuka Utumbo kona kwa kona, kama zamani.

Msomaji mmoja mpita njia akabandika tangazo juu ya makala zote mbili: "Inapendekezwa makala hizi ziunganishwe. Tafadhali toa maoni." Kisha akaenda zake, kama mtu aliyetupa mfupa kati ya mbwa wawili na kufunga geti.

Kokoto akaandika wa kwanza: ziunganishwe, na jina liwe B7. Barabara ni moja, imesogezwa kidogo tu.

Mwiko akajibu: "Ndugu Kokoto, zisiunganishwe. Barabara ya Mabonde ina jina. Namba hupewa viatu na wafungwa."

"Ndugu Mwiko, gari haliendi kwa jina. Linaenda kwa lami."

"Ndugu Kokoto, asiyejua koma hajui pa kupumulia. Sentensi yako ya tatu imekufa kwa kukosa hewa, na bado unaiburuta."

"Mwiko mrefu hauonji chakula. Kazi yake ni kukoroga."

Jioni mumewe alikuwa akimsomea mkewe majibizano haya mezani, kijiko mkono mmoja, simu mkono wa pili, uso umemwiva kwa raha. Alipofika kwenye ile ya koma na pa kupumulia, fundi miwani alipaliwa na maji. Maneno hayo aliyajua. Aliambiwa hayo hayo akiwa darasa la pili, na la tatu, na siku alipoandika kadi za mwaliko wa harusi yake.

"Pole," mumewe akasema, akimpigapiga mgongoni. "Umeona lakini mtu mwenyewe alivyo? Lazima ni zee moja limekaa kwenye kiti cha uvivu, halina kazi."

"Usiseme hivyo," mkewe akasema huku machozi yakimtoka. "Huwezi kujua ni nani."

Jumapili alikwenda kwa mama yake. Hajakaa vizuri, mama akaanza. "Mwanangu, kule kwenye kamusi yenu nami nimejiunga. Sikukwambia, wasije wakasema unanipendelea. Sasa kuna mtu mmoja huko mshenzi, anaitwa Kokoto. Mshenzi kwelikweli." Akavua miwani, akaifuta, akatabasamu. "Sijafurahi hivi tangu nistaafu. Jana nimemwambia: mchepuko umejengwa juzi, leo unataka urithi nyumba na mke wa ndoa afukuzwe? Unajua kanijibu nini?"

"Kakujibu nini?"

"Eti huyo mke wa ndoa mwenyewe kajaa mashimo, na mvua ikinyesha hapitiki!" Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani hana adabu hata chembe! Wewe ni mkabidhi, mwanangu. Amua. Zisiunganishwe."

Na nyumbani mumewe alikuwa akimwambia, "Wewe ni mkabidhi, mke wangu. Amua. Ziunganishwe."

Fundi miwani alijua angefanyaje. Angewaita wote wawili, aseme ukweli, mambo yaishe. Lakini akimwambia mumewe kwamba ile ya mke wa ndoa aliyejaa mashimo alimwandikia mama mkwe wake, mume huyo angehama nchi. Tena, tuseme kweli, hakuwa ameona mchezo mtamu kama ule. Akanyamaza. Lakini kuamua asingeweza: akiunganisha kamnyima mama, asipounganisha kamnyima mume. Basi akakabidhi kesi kwa mkabidhi mwenzake wa mji mwingine, daktari wa mifugo, mtu ambaye hawajawahi kuonana naye na ambaye aliandika kwa mkato kama mtu mwenye mkono mmoja ndani ya ng'ombe.

"Nimesoma," daktari akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano. "Kelele nyingi, ushahidi haba. Mtu aende Utumbo atuletee picha. Ile njia ya zamani bado ni barabara, au ni malisho ya mbuzi?"

Siku ile ile mumewe alitangaza kwamba Jumamosi ana safari ya mlimani, kukagua rangi. Na siku ile ile mama akapiga simu.

"Mkwe wangu Jumamosi ana nafasi? Nataka kufika juu kule Utumbo mara moja. Daktari kaniambia niende."

"Daktari gani, mama?"

"Daktari," mama akasema, na hakudanganya. Hakusema tu kwamba ni wa ng'ombe.

Mume alipoambiwa kwamba mama mkwe anaomba msaada wa gari hadi Utumbo, aliona ni baraka kutoka juu. Angempeleka mama akapunge hewa, na yeye apige picha zake pembeni, mtu asijue. Jumamosi asubuhi alilifuta gari hadi chini ya mazulia. Mama akakaa mbele, mkoba mapajani. Fundi miwani akakaa nyuma, peke yake, kama mtu aliyekata tiketi.

Walipofika njia panda, pale mchepuko unapoanza, mume akapunguza mwendo. Mama akautazama mchepuko, mpana, mweusi, mistari yake inameremeta, akameza mate.

"Barabara nzuri hii," akasema kwa heshima, kwa kuwa alijua mkwe ndiye aliyeipaka rangi.

"Ah, ya kawaida tu, mama," mkwe akajibu, kwa kuwa alijua mama ni mtu wa enzi za ile ya zamani. "Ile ya mlimani ndiyo yenye hadhi."

"Lakini hii ndiyo inayotumika, baba."

"Lakini ile ndiyo yenye jina, mama."

Nyuma, fundi miwani aliuma mtandio wake na kutazama nje ya dirisha.

Gari likapanda Utumbo. Lami ilikuwa ingalipo, imepasuka hapa na pale, majani yameota kwenye nyufa, lakini barabara ilikuwa barabara. Walipishana na pikipiki mbili na lori la mchanga. Kwenye kona ya juu kabisa, palipo na uwanja mdogo wa kuegesha, kulikuwa na jiwe la kilomita, refu kufika kiunoni. Mama akasema anataka kunyoosha miguu. Mkwe akasema na yeye anataka kutazama injini.

Fundi miwani alibaki garini. Aliona mama yake anavyozunguka taratibu kama mtu anayetafuta maua, anaangalia huku, anaangalia kule, kisha anachutama upande wa kulia wa jiwe. Aliona mumewe anavyofunga boneti, anapiga mluzi, anakwenda kuchutama upande wa kushoto. Simu zikatoka. Upande wa mama, jiwe lilikuwa na maandishi yaliyochongwa, MABONDE. Upande wa mkwe lilikuwa limepakwa B7 kwa rangi nyeusi. Wakapiga picha. Wakainuka wote kwa pamoja, na jiwe likawa katikati yao.

"Baba, unapiga picha nini?" mama akauliza.

"Jiwe, mama." Mkwe akaficha simu mgongoni. "Na wewe, mama?"

"Jiwe."

Upepo ukavuma. Mama akamtazama mkwe wake toka kichwani hadi miguuni, kama anayesoma ukurasa wa mbele akijua kuna kosa mahali.

"Kokoto," akasema.

Mdomo wa mkwe ulifunguka. "Mwi..." Akashindwa kulimaliza.

"Wewe ndiye uliyesema mke wa ndoa kajaa mashimo?"

Mchora mistari alishika jiwe asianguke. "Mama, nilikuwa nazungumzia lami."

"Najua ulikuwa unazungumzia lami. Ulidhani mimi nazungumzia nini?" Kisha mama akageuka kuelekea garini. "Na wewe usijifiche nyuma ya kiti! Ulijua?"

"Nilijua tangu ile ya koma, mama," binti akajibu dirishani.

Wakaanza safari ya kurudi. Mume aliendesha polepole kama anayebeba mayai. Walipofika kwa mama, alishuka mbio akamfungulia mlango, akaubeba mkoba wake kwa mikono miwili kana kwamba ni mtoto mchanga, akaufikisha mlangoni.

Kesho yake, kwenye ukurasa wa majadiliano, likatokea hili: "Mimi Kokoto naondoa hoja zangu zote. Ndugu Mwiko yuko sahihi kwa kila jambo, pamoja na koma. Makala zisiunganishwe. Naomba radhi kwa lugha."

Mumewe alilala usingizi mzuri. Alidhani yameisha.

Asubuhi simu ya fundi miwani ikalia kabla hajafungua kibanda. "Mumeo kafanya nini?" mama akafoka. "Nani kamwambia ajisalimishe?"

"Mama, si umeshinda?"

"Nimeshinda nini? Mtu akikuachia kiti kwa sababu una mvi, umeshinda mbio?" Akakata.

Ikafika mchana, Mwiko akaandika. Fundi miwani alisoma mara mbili, miwani ya mteja ikiwa mkononi. "Nimetafakari upya. Ndugu Kokoto alikuwa na hoja tangu mwanzo, ingawa aliziandika vibaya. Barabara ni moja, jiwe la kilomita linathibitisha. Makala ziunganishwe, na jina liwe B7."

Daktari wa mifugo akatokea jioni. "Wiki iliyopita Kokoto ndiyo, Mwiko hapana. Leo Kokoto hapana, Mwiko ndiyo. Mmebadilishana simu?"

Fundi miwani akafunga kibanda mapema, akaenda kwa mama yake. Alimkuta sebuleni, redio imezimwa, kompyuta mapajani.

"Mama, unafanya nini?"

"Namchokoza," mama akasema, bila aibu. "Lakini hachokozeki tena." Akaifunga kompyuta. "Unajua, mwanangu, pale gazetini nilikuwa nabishana kuanzia asubuhi mpaka karatasi zinakwenda mtamboni. Mwandishi anasema hivi, mimi nasema vile, tunatupiana maneno, kesho tunakunywa chai pamoja. Nilipostaafu kila mtu akawa ananiambia ndiyo mama, sawa mama, kweli mama. Wewe pia. Hata kinyozi! Nilimwambia kibao chake kina kosa, badala ya kunibishia akafuta ukuta mzima. Sasa nimepata mtu mmoja wa kunijibu kama binadamu, kumbe ni mkwe. Ndiyo basi, kesharudi kwenye ndiyo mama."

Binti alikumbuka mara ngapi amesema "sawa mama" akiwa anafikiria mambo mengine. Akakaa pale, akamwambia kwamba hata hivyo, ile hoja ya viatu na wafungwa ilikuwa dhaifu, maana hata nyumba zina namba. Mama akamwangalia kwa mshangao, kisha akasogeza kiti karibu. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani.

"Siwezi," mume akasema. "Mama mzaa chema! Nimtukane?"

"Nani kasema umtukane? Umbishie."

"Kuna tofauti?"

"Wewe ulikuwa unaijua vizuri tu wiki iliyopita."

Akakaa mezani. Akaandika "Shikamoo mama", mkewe akamfutia. Akaandika "Kwa heshima na taadhima", mkewe akamfutia. Akaenda kunywa maji, akarudi, akaenda tena. Kisha akaisoma upya hoja mpya ya Mwiko, polepole, na fundi miwani akaona nyusi za mumewe zinaanza kukutana.

"Lakini hapa anakosea," akasema. "Anasema jiwe la kilomita linathibitisha barabara ni moja. Mbona upande mwingine limechongwa jina, na jina ndilo lililotangulia? Yeye mwenyewe kalipiga picha!"

"Mwambie basi."

Akamwambia. "Ndugu Mwiko, hoja yako ya zamani ilikuwa mbovu, lakini hii mpya imeizidi. Kama B7 na Mabonde ni barabara moja, tueleze: ukifika njia panda unakata usukani kushoto au kulia? Au unapita katikati juu ya nyasi, ukisalimia mbuzi wa daktari?" Akabonyeza, akaruka nyuma kama aliyewasha fataki.

Jibu lilikuja kabla hajakaa. "Ndugu Kokoto! Hatimaye umerudi, na sentensi zako bado zinachechemea." Zikafuata aya tano.

Ikawa vita upya, ila sasa kila mmoja ameshika upande wa mwenzake, na hakuna aliyetaka kuurudisha. Mume aliitetea Barabara ya Mabonde kwa bidii ambayo Mwiko mwenyewe hakuwa nayo. Alikwenda kwa madereva wastaafu, akatafuta gazeti la siku ya ufunguzi, akaorodhesha majina ya kona za Utumbo. Mama alipiga simu akiwaka. "Mwizi huyo! Anatumia hoja zangu! Tena anazitumia vizuri!" Naye mama alijifunza unene wa lami na jinsi malori yanavyopimwa, akaanza kumwambia jirani yake mambo ya tabaka la chini na tabaka la juu. Kwa kuwa kila mmoja sasa aliujua upande wa mwenzake, walianza kurekebishana humo humo ndani ya makala: huyu anaongeza kona, yule anaweka koma. Aya ya Utumbo ilikua mpaka ikawa ndiyo bora katika makala zote mbili, na ilikuwa neno kwa neno ile ile huku na huku.

Daktari akaamua. "Ziunganishwe. Jina B7. Jina la Mabonde litabaki kama njia ya kufikia makala hiyo, na historia yake itakuwa na sehemu yake. Kesi imefungwa." Akaunganisha mwenyewe, usiku wa kuamkia Jumatatu, kisha akaona aya ya Utumbo ni ndefu mno, akaikata ikabaki mistari miwili. Sababu aliyoiandika ilikuwa neno moja: "Urembo."

Jumatatu, saa nne hivi, fundi miwani alikuwa akimpima mteja simu ilipolia. Namba ngeni. Sauti nzito, na nyuma yake ng'ombe analia.

"Mkabidhi mwenzangu? Mimi daktari. Samahani kukupigia. Hawa watu wako, Mwiko na Kokoto. Tangu alfajiri wamenishukia kama nyuki. Mmoja ananipiga kwa koma, mwingine kwa lami. Mmoja akichoka, mwenzake anapokea. Mimi nilidhani ni maadui!"

"Walikuwa hawapatani tu juu ya barabara, daktari."

"Sasa wamepatana juu yangu. Wanasema nimekata kona za watu. Hivi hawa ni ndugu?"

"Ni wakwe," fundi miwani akasema. "Mkwe na mama mkwe."

Ng'ombe akalia tena. "Na wewe ni nani kwao?"

"Mimi ni fundi miwani," akajibu, na mteja kwenye kiti akatikisa kichwa kuthibitisha.

Daktari akacheka mpaka akakohoa. Kabla ya chakula cha mchana aya ilikuwa imerudi, na kona zote ndani yake: Kona ya Shingo, Kona ya Bibi Harusi, Kona Geuka Uone, hata ile ya Mkunjo wa Shati, ambayo fundi miwani aliamini kabisa kwamba mumewe na mama yake wameibuni wenyewe.